Kiziwi, Kipofu na Kicho cha Mungu

Kiswahili kina maneno mengi ya kuogopa. Mtu huogopa nyoka, huhofia njaa, hutishwa na radi, hushikwa na woga akipita makaburini usiku. Lakini hamchi nyoka wala radi. Kitenzi hicho kifupi, kucha, kimebaki karibu peke yake kwa ajili ya Mungu: kumcha Mungu, mcha Mungu, uchaji, kicho. Nje ya ibada kinasikika zaidi katika umbo la kuchelea, kama kwenye methali ya mzazi aliyemchelea mwana kulia, mwisho akalia yeye. Muislamu na Mkristo hulitumia neno hilohilo, na wanaelewana bila mkalimani.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ya Union, waliikuta hazina hiyo imo tayari katika lugha. Waliowatangulia katika lugha nyingine hawakuwa na bahati hiyo. Kigiriki kilitumia phobos, Kilatini timor, na maneno hayo yalimfaa simba kama yalivyomfaa Mungu. Mjadala mrefu wa Kanisa la Magharibi juu ya hofu njema na hofu mbaya ni, kwa kiasi fulani, jitihada ya kutenganisha mambo ambayo Mswahili huyatenganisha kwa kitenzi tu.

Hata hivyo neno zuri linaweza kufunika swali gumu. Mithali inasema mara mbili, katika sura ya 1 na ya 9, kwamba maarifa na hekima vinaanzia katika kumcha Bwana. Zaburi ya 111 inarudia jambo hilo, Ayubu 28 inaishia hapo, na Yoshua bin Sira, ambaye kitabu chake kimo katika Biblia za Wakatoliki na Waorthodoksi, anaijaza nalo sura yake ya kwanza. Kwa nini hekima ianzie hapo? Aristotle alifundisha kwamba watu walianza kutafuta falsafa kwa sababu ya kustaajabu. Wengine wangeitafuta katika udadisi, shule, au kutembea na kuona mengi. Mwaka 1927 mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alisimama mbele ya hadhira mjini London akadai kwamba dini imejengwa hasa juu ya hofu, na kwamba hofu huzaa ukatili. Akiwa sahihi, basi Mithali imejenga nyumba yake juu ya mchanga.

Jambo la kwanza la kuangalia ni hekima yenyewe. Neno la Kiebrania hokma halikuwa mali ya wazee wa baraza peke yao. Katika Kutoka 31 Besaleli, fundi wa hema la kukutania, anajazwa hekima ili afue dhahabu, akate vito na kuchonga mbao. Hekima, basi, ni ustadi wa kushughulika na vitu jinsi vilivyo. Seremala mzuri huusoma ubao kabla ya kuupitishia randa. Anajua mvule una tabia yake na mninga una yake, na kwamba akilazimisha utapasuka. Mwenye hekima anaishi hivyo na ulimwengu mzima, kwa kuwa ameukuta, hakuuumba. Kabla hakijawa hisia ya moyoni, kicho ni utambuzi huo: mtu kujua kwamba yeye si mwenye nyumba.

Neno lililotafsiriwa chanzo katika Mithali 1 ni reshit, lilelile linalofungua kitabu cha Mwanzo, na ndilo linalotumika pia kwa malimbuko, ile sehemu ya kwanza na bora ya mavuno. Kwa hiyo kicho hakifanani na darasa la kwanza ambalo mwanafunzi hulimaliza na kulisahau. Kinafanana zaidi na chemchemi ya mto, maana hata maji yanayofika baharini yalitoka huko. Mtaalamu wa Agano la Kale, Mjerumani Gerhard von Rad, aliandika mwaka 1970 kwamba kauli hiyo moja imebeba nadharia yote ya Israeli kuhusu namna binadamu anavyojua mambo.

Wala kicho hicho hakikuwafumba Waisraeli macho. Kuna maandishi ya Kimisri yaitwayo Mafundisho ya Amenemope, yaliyochapishwa mwaka 1923 kutoka kwenye papiri iliyohifadhiwa British Museum, ambayo yanafanana mno na sehemu ya Mithali inayoanzia sura ya 22. Wasomi wengi wanaamini kwamba mwandishi Mwebrania aliyasoma na kuyatumia. Mcha Mungu wa Yerusalemu alikaa miguuni pa mwalimu aliyeabudu miungu ya mto Nile, akachukua alichoona ni kweli. Mtu anayeamini kwamba ulimwengu wote una Mwenyewe mmoja hana sababu ya kuiogopa kweli inayotoka kwa jirani.

Ayubu 28 inaeleza chanzo cha hekima kwa picha ambayo mchimbaji wa madini wa Mererani, Tanzania, angeitambua mara moja. Sura hiyo inawaeleza watu wanaotoboa miamba, wanaoning'inia kwa kamba mbali na macho ya wapita njia, wanaoleta nuruni vitu vilivyofichika gizani. Mshairi anawastahi kwa dhati. Kisha anauliza hekima inachimbwa wapi, na zinapita beti nyingi kabla jibu halijaja, kwamba kumcha Bwana ndiyo hekima.

Lakini ufunguo wa suala zima uko mahali ambapo wahubiri hupita haraka, katika Walawi 19, sura iliyojaa sheria ndogondogo. Mstari wa 14 unakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo njiani, na papo hapo unaamuru kumcha Mungu. Amri hiyo imewekwa hapo makusudi. Kiziwi hasikii alivyotukanwa, na kipofu hajui nani aliliweka jiwe. Hakuna shahidi, hakuna kesi, hakuna kisasi, na mkosaji anaweza kucheka na kwenda zake. Mbele katika sura hiyohiyo kicho kinaamriwa tena, safari hii pamoja na kusimama mbele ya mwenye mvi. Sura ya 25 inakitaja mara tatu: watu wanapouziana mashamba, ndugu aliyefilisika anapokopeshwa bila riba, na bwana anapokatazwa kumtumikisha mtu kwa ukali. Kila mahali upande mmoja una nguvu na wa pili hauna pa kushtaki. Kumcha Mungu, kwa sheria hiyo, ni kujua kwamba kiziwi anaye anayesikia kwa niaba yake, na kipofu anaye anayeona.

Ukiishika kamba hiyo, Agano la Kale linafunguka. Waamaleki wanalaumiwa katika Kumbukumbu la Torati 25 kwa kutomcha Mungu, na kosa lao ni kuwashambulia wachovu waliobaki nyuma ya msafara. Hawakuwa Waisraeli, hawakuwa na Torati, na bado walitarajiwa kujua. Yethro anapomshauri Musa achague waamuzi, anataka watu wanaomcha Mungu na wanaochukia rushwa, kana kwamba sifa hizo mbili hutembea pamoja. Nehemia, liwali wa Yuda chini ya Artashasta mfalme wa Uajemi, anaeleza kwamba waliomtangulia walitoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha. Yeye alikaa miaka 12 bila kula posho ya liwali, na sababu anayoitoa ni moja: kumcha Mungu. Hakuna mkaguzi wa hesabu ambaye angemkamata, kwa kuwa posho ilikuwa halali yake.

Huko Misri, wakunga wawili wa Waebrania, Shifra na Pua, waliagizwa na Farao wawaue watoto wa kiume wa Waebrania wakati wa kuzaliwa. Hawakufanya hivyo, na Kutoka 1 inasema ni kwa kuwa walimcha Mungu. Kitabu kimeyaandika majina yao na hakikuandika jina la mfalme. Hapa Russell anapata jibu lake la kwanza. Alikuwa sahihi kwamba kuna hofu izaayo ukatili, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikulu: Farao aliwaogopa watumwa kwa sababu ya wingi wao, akaamuru mauaji. Kicho cha wakunga kilifanya kinyume. Kiliwapunguzia hofu ya mwenye nguvu, kikawaongezea uangalifu kwa mtoto ambaye hata macho hajafumbua.

Kipo kipimo kingine, na Biblia imekiweka kinywani mwa Shetani. Mwanzoni mwa kitabu cha Ayubu, Shetani anauliza kama mtu huyu anamcha Mungu bure, ilhali amezungushiwa uzio wa mali na mifugo. Ni swali la haki, na kitabu hakilikwepi: mali inaondoka, watoto wanakufa, ngozi inaoza. Swali hilohilo linastahili kuulizwa leo katika makanisa ya mafanikio, ambako muumini huambiwa apande mbegu ya fedha ili avune gari, na maji au mafuta ya upako huuzwa mlangoni. Anayefika kwa ajili ya gari amejifunza biashara, na kukata tamaa kwake gari lisipokuja ni matokeo ya mafundisho aliyopewa. Marafiki wa Ayubu walihubiri hesabu kama hiyo, kwamba mema huleta mali na mabaya huleta vidonda. Mwisho wa kitabu Mungu anawakemea wao.

Agano Jipya halikuondoa kicho, ingawa wengi hudhani hivyo. Katika Luka 12 Yesu anawaambia wanafunzi wasiwaogope wauao mwili, wamwogope yule mwenye mamlaka zaidi ya hapo, na sentensi inayofuata inahusu shomoro watano wauzwao kwa senti mbili, ambao hakuna hata mmoja aliyesahauliwa. Kisha anasema msiogope. Kinachoziunganisha amri hizo mbili ni kile kile cha Walawi, yaani Mungu anayepaswa kuchwa ndiye anayemhesabu ndege asiye na thamani sokoni. Katika sura ya 18 anamchora kadhi dhalimu kwa sifa mbili tu: hamchi Mungu, wala hajali watu. Mlalamikaji wake ni mjane. Paulo naye anapomwandikia Timotheo kwamba Mungu hakuwapa roho ya woga, Kigiriki chake hakitumii phobos. Kinatumia deilia, yaani uoga wa mtu anayekimbia vitani.

Waraka wa kwanza wa Yohana ndio ulioleta mgongano halisi, kwa kufundisha kwamba upendo uliokamilika huitupa nje hofu, wakati Zaburi ya 19 inasema kumcha Bwana kunadumu milele. Huko Misri, Antoni Mkuu, baba wa watawa wa jangwani, anakumbukwa kwa kusema kwamba yeye hamwogopi Mungu tena, anampenda. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliulainisha mgongano huo kwa mifano ya nyumbani. Hofu, aliwaeleza waumini wake, ni kama sindano ya mshonaji: huingia kwanza, hutoboa, kisha hutoka, na kinachobaki kikishika nguo ni uzi, ambao ni upendo. Lakini akaongeza mfano wa wanawake wawili. Mmoja anaogopa mumewe asije akarudi na kumfumania. Wa pili anaogopa mumewe asije akaondoka. Ukiwauliza, wote watasema wanamwogopa. Hofu ya yule wa pili haina sababu ya kuisha, kwa kuwa imo ndani ya upendo wenyewe.

Watoto wa kipaimara katika parokia za Kikatoliki hukariri mapaji saba ya Roho Mtakatifu kuanzia hekima na kuishia uchaji wa Mungu, kwa mpangilio wa Isaya 11. Augustino aliigeuza orodha hiyo ikawa ngazi. Kidato cha chini ni uchaji, cha juu ni hekima, na anayetaka kufika juu lazima aanze kukanyaga chini. Thomas wa Akwino, karne ya 13, aliigawa hofu kwa makini zaidi, akaitaja na ile ya kidunia, ya kuogopa kupoteza cheo au mali kiasi cha kumwacha Mungu. Hiyo aliihukumu kuwa mbaya daima.

Aliyeishusha hekima hiyo hadi jikoni ni Benedikto, katika Kanuni aliyowaandikia watawa wake huko Italia katika karne ya 6. Sura ya 7 ina ngazi ya unyenyekevu yenye vidato 12, na cha kwanza ni kicho. Hilo lilitarajiwa. Cha kushangaza ni mahali neno hilo linaporudi. Mtunza ghala, kwa sura ya 31, awe mwenye hekima na mcha Mungu, na avitunze vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vya altareni: majembe, sufuria, ndoo. Anayewahudumia wagonjwa, sura ya 36, awe mcha Mungu. Anayetunza vyumba vya wageni, sura ya 53, vivyo hivyo. Na bawabu, sura ya 66, maskini akibisha hodi, amjibu upesi kwa upole wote utokao katika kumcha Mungu. Neno ni upole. Mtu aliyelelewa kwenye mahubiri ya moto na vitisho hatatarajia kukutana nalo hapo. Wabenedikto waliofika kusini mwa Tanzania, Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, walikuja na Kanuni hiyo, na hospitali zilizokua kando ya abasia hizo ni sura ya 36 iliyojengwa kwa matofali.

Martin Luther alianza na radi. Julai 1505, karibu na kijiji cha Stotternheim, umeme ulipiga jirani naye, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Miaka mingi ya hofu ilifuata. Mwaka 1529 alipoandika Katekisimu Ndogo, ambayo wanafunzi wa kipaimara wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hujifunza hadi leo, alifungua karibu kila ufafanuzi wa Amri Kumi kwa wajibu wa kumcha na kumpenda Mungu kwa pamoja, kisha akageukia jirani: kutomdhuru, kumsaidia, kutomsingizia, kumtetea. Aliyeijua hofu ya kwenye radi hakutaka watoto waanzie huko.

Kazi yote hiyo ya kutenganisha hofu na hofu ina sababu, na Afrika Mashariki inaijua kwa uchungu. Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na miili zaidi ikakutwa katika nyumba za kundi hilo. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wafuasi walikuwa wameaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewapeleka kwa Yesu, na watoto walikuwemo. Watu wakasema waliponzwa na kumwogopa Mungu kupita kiasi. Kwa kipimo cha Walawi 19, hapakuwa na kicho hata chembe katika mafundisho hayo. Mtoto mwenye njaa ndiye kiziwi na kipofu wa msitu ule. Kilichokuwepo ni hofu ya mwisho wa dunia iliyogeuzwa kuwa utii kwa mtu mmoja, na asiyeweza kumpinga mtu mmoja hajafika walipofika Shifra na Pua.

Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, alifika. Aliongoka mwaka 1948 katika Uamsho, ule mwamko ulioenea kutoka Rwanda na Uganda, ambao wafuasi wake, Balokole, walisisitiza kutembea nuruni: kuungama hadharani na kurudisha kilichoibwa hata kama mwenyewe hajui kimeibwa na nani. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 wanajeshi wa Idi Amin, mtawala wa Uganda wakati huo, waliipekua nyumba yake wakidai wanatafuta silaha. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua wakilalamikia mauaji na watu kupotea. Tarehe 16 Februari aliitwa pamoja na viongozi wengine, akazuiwa, na hakuonekana tena akiwa hai. Serikali ilitangaza ajali ya gari, lakini walioiona maiti walisimulia majeraha ya risasi. Festo Kivengere, askofu mwenzake na Mlokole pia, alivuka milima usiku na mkewe kuingia Rwanda, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho kichwa chake kilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hofu ya mtawala ilikuwa imemtoka, na chuki nayo haikupewa nafasi yake.

Ushahidi mzito zaidi dhidi ya hoja kwamba kicho humlinda mnyonge unatoka nchi aliyoikimbilia Kivengere. Rwanda ya mwaka 1994 ilikuwa na Wakristo takriban tisa katika kila watu kumi. Makanisa yalijaa kila Jumapili, na Aprili mwaka huo, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, yakajaa tena, kwa watu waliokimbilia humo wakiamini hakuna atakayethubutu. Huko Nyange kanisa liliangushwa kwa buldoza, ndani yake kukiwa na Watutsi wapatao 1,500. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa kwa mauaji hayo na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyoketi Arusha, na mwaka 2008 rufaa iliongeza adhabu yake hadi kifungo cha maisha. Hakuna theolojia ya kuufunika ukweli huo. Ubatizo, nyimbo, altare, vyote vilikuwepo, na jirani akawindwa. Yeyote anayeandika kuhusu kicho bila kupita Nyange anaandika kitu chepesi.

Nyange hiyohiyo, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanamgambo waliingia katika shule ya sekondari wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Kadhaa waliuawa. Taifa limewaweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena.

Katika daraja hilohilo yumo Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, mwanamke Mhutu aliyejitoa kwa utume wa Kanisa Katoliki. Mwaka 1994 aliwaficha Watutsi katika kituo alichokisimamia, na wengine aliwasaidia kuvuka mpaka kuingia Goma. Kaka yake alikuwa kanali wa jeshi, naye alimpelekea ujumbe aondoke ayaokoe maisha yake. Félicité alimjibu kwa barua. Alimshukuru kwa kutaka kumsaidia, akamweleza kwamba kujiokoa kungekuwa kuwaacha watu zaidi ya 40 waliokuwa mikononi mwake, na kwamba anachagua kufa nao. Akamwomba awaombee, na amuage mama yao kwa niaba yake. Wanamgambo walikuja tarehe 21 Aprili.